Kalulu, Toka, Moto Inakuja

Yaya,

Majani imekauka tena, dada yangu mukubwa, na weye hauko. Tangu tulikuzika pale mwisho ya miti ya miyombo, minyi sina raha. Natembea-tembea tu. Nakamata jani, nalikunja, nasikiliza, sawa weye ulikuwaka unafanya: ikipinda mbele ya kuvunjika, washa moto ndogo ya kumaliza majani, ikivunjika moja kwa moja, umechelewa. Leo asubui ilipinda kidogo sana. Yaya, siku inakimbia!

Shida ni basoda, baaskari ba kambi ya Base. Tangu vita hii ilianza, bamekataza moshi. Banasema moshi inaonyesha adui njia. Basi pori yetu haijaguswa, na bantu banafurahi, ati mwaka huu hakuna moto. Eti hakuna! Moto haikatazwe. Inangojaka tu.

Unakumbuka ule mwaka ulikuwa mugonjwa, tukaacha majani mpaka ile joto kali ya mbele ya mvua? Miyombo ilikuwa inatoa majani mapya, mekundu, na moto ikapanda mpaka juu kabisa. Binkubala, bile bidudu tunakulaka, bikakosa majani ya kula, na sisi tukakosa binkubala. Bana bakakula bukari, ugali mutupu, na chumvi. Ulikaa pembeni ya kinu ukalia, ukasema: "Moto ya mapema inatembea. Moto ya nyuma inakimbia."

Neno hiyo njo inanitesa. Juu mutoto wako iko mule ndani ya pori.

Ndiyo, Yaya. Mwana wako mukubwa, ule weye ulimuitaka Kalulu, sungura, juu ya masikio yake na mbio yake. Kisha mazishi yako basoda balianza kukamata bijana kwa kubapeleka kwa vita, akatoroka. Bajirani banazani alienda Malemba-Nkulu kwa bajomba. Minyi namuwekea muhogo chini ya jiwe, anakamata, simuone. Fasi gani analala, sijue. Nikiacha majani, moto ya nyuma itamukuta na itamushinda mbio. Nikiwasha bila kuita, nitamuchoma minyi mwenyewe. Na kumuita jina yake mbele ya basoda ni kumutia mu mikono yabo. Mungu wangu, nilikuwa nazunguka nyumba sawa kuku anatafuta fasi ya kutaga.

Leo nikaenda ku Base kwa komanda. Nikamuambia: "Papa, moto ya mwezi wa tisa haijue nani adui. Itafika hata kwa mafuta yenu." Alinitazama sawa muntu wa kichaa. Kisha akatazama majani nyuma ya bohari yake, marefu kupita muntu. Akasema sawa, kesho muchana, lakini basoda batasimama na sisi mpaka moto itazimika.

Nilitoka. Na ku njia nikaanza kucheka peke yangu, Yaya, kucheka kabisa! Juu nilikumbuka: weye haukuwashaka moto bila kuita banyama kwanza. Kware, swala, sungura, bote ulibaitaka batoke, na sisi tulikuwa tunakucheka. Sasa basoda nabo bacheke. Baseme mama huyu anaita basungura, bacheke mpaka bachoke.

Kesho nitawasha upande wa reli, wakati jua inaanza kushuka na upepo inapungua, ili umande imalize moto. Pembeni ya kaburi yako nimelima, haitaguswa. Barua hii haifai muntu aisome, basi njo nitawashia nayo. Itakufikia na moshi.

Lala muzuri, yaya yangu. Nakuahidi sitapiga kiberiti mbele ya kuita na nguvu yangu yote: "Kalulu, toka! Moto inakuja! Shuka ku mto!" Bantu banasemaka sauti yetu ni moja. Akisikia, atazani ni weye.

Nitamuacha azani.

Mudogo wako