Si Mimba, Ni Goti

Free Area, Nakuru
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Hapana, mama, hakuna mtoto. Na viatu vyangu vya voliboli usimpe Wangare, hata kama ameshavijaribu na vikamtosha. Ni binti mzuri wa jirani, lakini mwenye viatu bado yupo.

Sasa nikusalimu vizuri, maana nimeanza kama mtu asiyefunzwa. U mzima? Mgongo umekuachilia? Baba bado anakohoa kwa vumbi la mahindi? Sisi huku tu wazima, na mume wangu Kipyegon anakusalimu sana. Mume wangu! Bado nalisema neno hili peke yangu jikoni. Nimeandika kwa sababu ukipigiwa simu unaweka spika nyumba nzima isikie, na haya ni yako peke yako.

Habari ya mimba ilianza hivi. Tangu upasuaji naenda kanisani polepole, nimevaa dera refu la kuficha bandeji. Wengine wakipiga magoti kuomba, mimi nabaki nimekaa. Wamama walijua niliumia uwanjani, lakini kwao goti la tangu Mei lilishapona. Bibi arusi wa Aprili, amenenepa kidogo, hapigi magoti, hachezi tena: wakajumlisha wenyewe. Alhamisi wakaja kunitembelea, Mama Travis mbele, wamebeba unga wa wimbi wa uji na kofia ya mtoto aliyoifuma yeye mwenyewe, ya manjano kwa kuwa bado haijulikani ni msichana au mvulana. Wakaniwekea mikono tumboni wakaomba mpaka vikombe vikatikisika. Nikawaambia kwa heshima kwamba kama ni mikono, waishushe kidogo, ifike gotini. Mama Travis akacheka, akasema wote huanza kwa kukataa. Nadhani kabla hawajavuka geti, habari ilikuwa imeshafika kwenu Rongai.

Kabla hawajaondoka, Mama Travis alininong'oneza kwamba, mimba au si mimba, mke wa mtu harukiruki mbele ya wavu akiwa amevaa kaptura. Nilimjibu kwamba nilianza kuruka nikiwa darasa la nne, na Mungu aliyenipa mume hakuniambia nimrudishie miguu. Akaomba chai nyingine.

Laiti ungemwona Kipyegon, mama! Akitoka dukani kwake, kabla hajavua koti, ananinunulia zile barafu za rangi za watoto pale kioski na kunifungia gotini kwa leso, hata goti langu siku hizi linanukia chungwa. Nikifanya mazoezi ananihesabia kwa Kikalenjin, na nikidanganya anaanza upya bila huruma. Siku nilipolia kwa maumivu hakuniambia ninyamaze. Aliketi sakafuni kando yangu akainyoosha miguu yake pia, mpaka tukaishia kucheka.

Sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Uliniambia kwamba kwa kuwa Mungu ameshanirudishia mguu wa kutunzia nyumba, niuachie mpira hapo. Mama, watu wote umewaambia kwamba nisingepasuliwa nisingetembea tena. Uliamini hivyo kwa sababu mimi nilikuacha uamini. Ukweli ni kwamba daktari alituketisha mimi na Kipyegon akatueleza kwamba ile kano ya goti iliyokatika si lazima itengenezwe. Kwa kutembea, kulima, kufua, hata kubeba mtoto siku akija, mazoezi tu yangetosha. Upasuaji, alisema, ni wa mtu anayetaka kuruka tena na kugeuka ghafla. Kisha akamtazama Kipyegon, kana kwamba jibu liko kwake. Kipyegon akasema goti si lake. Nikasema mimi nipasuliwe.

Kwa hiyo sikupasuliwa ili nitembee. Nilipasuliwa ili niruke. Si kwa ajili ya kombe, maana timu yetu haijawahi kushinda kitu ila mbuzi, tena mwenye kikohozi. Ni kwa sababu nikiwa hewani, kabla mkono haujagusa mpira, hakuna anayeniita mke, binti wala dada, na bado nawapenda wote wanaoniita hivyo. Nikitua ninawapenda zaidi. Daktari anasema nitaruka tena mwakani, nikifuata mazoezi. Nitayafuata. Ukikasirika, kasirika, mama, una haki. Ila usiniombee niache, kwa sababu sitaacha, na sitaki maombi yako yapotee bure.

Nisalimie baba, na wote wa boma. Mwambie baba asiende kupura mahindi bila kitambaa puani.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi na Kipyegon. Ile njia ya kupanda kutoka lami nitaipanda kwa miguu, bila mkongojo, bila bodaboda. Usimtume mtu kunipokea. Simama tu mlangoni unitazame ninavyokuja.

Mwanao akupendaye,
Edinah Nabalayo