Mhakiki wa Roki na Simu ya Kaka Festo

Jumamosi, Kasulu. Mvua ilianza kabla sijaamka, na sasa saa kumi jioni bado haijachoka. Udongo mwekundu umefika hadi kwenye kizingiti cha bweni. Sijatoka. Hata ningetaka, ningeenda wapi?

Mkufunzi wetu ametupa kazi: kila mmoja achanganue mbinu za ushawishi katika uhakiki wa albamu. Wenzangu wamepata bongofleva na kwaya. Mimi nimeangukia bendi ya roki ya Ulaya ambayo sijawahi kuisikia. Jana nilinunua bando, nikasikiliza nyimbo mbili. Magitaa yananguruma kama mashine ya kusaga, na juu yake kuna mtu anapiga kelele. Nikazima.

Lakini huyo mhakiki anajua kumshika mtu. Anaanza kwa kukiri kasoro ndogo, kwamba wimbo wa tatu ni mrefu mno, ili nimwone mkweli. Kisha anaacha "mimi" na kuingia "sisi": sisi tuliosubiri, sisi tunaojua. Anauliza maswali yenye jibu moja tu. Mwisho ananitia hofu: asiyeisikiliza albamu hii atakuja kujuta. Nilipomaliza kusoma nilitamani kuipenda, mimi niliyeizima.

Leo asubuhi nimepiga mistari chini ya kila mbinu. Nikajiona mjanja.

Saa nane mchana kaka Festo akapiga simu kutoka Kibondo. Ndiye mkubwa wetu, na anaishi na mama tangu mama apate kiharusi baada ya Krismasi.

"Mdogo wangu, najua nimekosea, wiki nzima sijakupigia," alianza. "Ila sisi kama familia tumekaa, tumeona urudi nyumbani. Chuo kipo tu. Mama ana mabinti wangapi? Akiondoka wewe hupo, utaishije na jambo hilo?"

Kasoro ndogo. Sisi. Swali. Hofu. Kwa mpangilio uleule!

"Kaka, hizo ni mbinu za kunishawishi," nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Akasema polepole, "Jeni, nimechoka. Wifi yako ana mimba ya miezi saba, na ndiye anayemgeuza mama kitandani mchana na usiku. Ulitaka nisemeje?"

Nikaona aibu. Darasani hatukuambiwa kwamba mtu anaweza kutumia mbinu zote na bado akawa anasema kweli.

Nikaomba kuongea na mama. Nakiri hapa, maana sitamwambia mtu: nilitegemea aniokoe. Ni yeye aliyeuza maharage miaka yote ili nisome, na kila nilipomwambia nimekumbuka nyumbani alinijibu nitulie na daftari zangu. Nilisikia simu ikiwekwa sikioni mwake, kisha pumzi nzito. Maneno bado yanamtoka kwa shida.

"Garuka," akasema kwa Kiha. Rudi. Akapumzika, akakusanya nguvu. "Garuka, mwana wanje." Rudi, mwanangu.

Hapo hapakuwa na mbinu yoyote.

"Nakuja, mama," nikasema. Lilinitoka lenyewe.

Tangu hapo nimekaa kitandani. Kaka hana kosa. Mama hana kosa. Mimi kutaka kuwa mwalimu, nalo si kosa. Ningempata mkosaji mmoja tu, ningegombana naye na kupata pa kutokea. Nimezungukwa na watu wanaonipenda, na sioni mlango.

Nimeazimia hivi: kazi ya mkufunzi nitaimaliza leo, na Jumatatu nitapeleka fomu ya kuahirisha masomo. Kuahirisha, si kuacha. Nimeshajaza jina, mwaka wa masomo na sababu.

Imebaki sehemu moja, inayouliza nitarejea lini.

Nimeiangalia kwa muda mrefu. Niandike nini pale, bila kumwombea mama yangu afe?