Mzizi Mtamu wa Kifua Chako, Mjomba

Kijiji cha Majiahe,
Tongxin, Ningxia.
19 Mei 1991

Mpendwa Mjomba Yang Shengcai,

Assalaam alaykum. Hujambo? Mkeo hajambo? Kile kikohozi kimepungua, au bado unawaamsha majirani? Sisi wazima, na mimi mzima kuliko wote. Mwaka huu hakuna mchimbaji mwenye bahati kama yangu: nimetoka vitani kule mbugani kwa Wamongolia bila hata mkwaruzo! Kwa hiyo mwambie tajiri wako wa malori huko Urumqi aniwekee ule usukani alioniahidi. Naja.

Nakutumia mzizi mtamu, urukususu halisi wa mchangani, mnene kama kiwiko. Ukate vipande vyembamba, ukaange na asali, uchemshe, unywe ukiwa moto. Hulainisha koo, hung'oa makohozi, na tumbo lenye vidonda hulituliza. Ila usiufanye chai ya kila siku. Mzee Dawude alijifanya mjuaji, miguu ikamvimba kama magunia na presha ikampanda.

Waganga huutia karibu katika kila dawa, ati hupoza zile kali zisigombane tumboni. Sisi wachimbaji wake haukutupoza.

Kule mbugani, sheria ni kwamba ukichimba unafukia shimo, mifugo isitumbukie. Lakini rafiki yangu Sulaimani alikuta mzizi mnene jua likizama, akaogopa wenzetu watamwibia. Akafunika shimo kwa nyasi aje aumalize kesho. Asubuhi tukamkuta humo farasi jike wa Togtokh, mfugaji wa Kimongolia, mfupa wa mguu umetoka nje, analia kama mtu.

Togtokh akamchinja farasi wake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatugeukia, damu hadi viwikoni.

"Tokeni, panya nyie!"

"Mfundishe farasi wako kutazama chini!" akajibu Sulaimani, mpumbavu yule.

Basi. Wafugaji wenzake Togtokh wakatushukia na farasi na mijeledi, sisi na sepeto. Meno yaliruka, Mjomba. Togtokh akanilenga uso kwa mjeledi wenye fundo la chuma. Nikainama, ukalia sikioni, ukapita. Sulaimani akamchoma sepeto pajani hadi mfupani. Nao wakamkanyaga Sulaimani kwa farasi mpaka mbavu zikaalika. Yu hai, lakini kucheka hawezi, nami ndiyo kwanza namchekesha.

Togtokh aliangukia shimoni kwangu, damu inamruka. Nikavua mkanda, nikamfunga paja.

"Niache, mwizi wee!"

"Nyamaza, punda! Ukafie kwenu!"

Nikakaza. Naambiwa amepona, na bado ananitukana.

Nisalimie mkeo na dada Hasanai, na mwanao Yusufu mwambie aache kupigana shuleni. Mungu akifungue kifua chako, akupe pumzi ndefu ya kunigombeza.

Wako akupendaye,
Ma Zhanlu

Mjomba, mjeledi haukupita. Jicho la kulia limekwenda. Mwambie tajiri atafute dereva mwingine.