Sekunde Hamsini na Tatu za Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu mguu uwe umepungua kuvimba, na eda uikalie kwa utulivu. Mimi mzima. Nakula, nalala, naenda Quitunda kujenga nyumba za watu waliohamishwa kwenye ardhi ya gesi. Ukiniuliza najisikiaje? Nimekufa ganzi tu.

Barua hii anakuletea Bi Zaituni, yule muuza vitenge, maana nilichonacho hakisemeki kwenye simu. Mama, niliwadanganya. Ile sauti ya baba, aliyoirekodi mdogo wangu Mariamu siku mbili kabla hajafariki, akanitumia mimi peke yangu, sikuisikia. Niliandika kwenye grupu la familia kwamba nimeisikia na nimelia. Sikuisikia, wala sikulia.

Ilipofika, simu ilikuwa imejaa. Nimeinunua hapa Palma, inasema Kireno, na kila nikiigusa inaniambia "memória cheia", yaani nafasi imejaa. Imejaa nini? Imejaa grupu la kazi za gesi. Niliingia nipate matangazo ya kazi, nikapata maua ya kutakiana asubuhi njema, video za watu wanaopigana nchi nisizozijua, na bwana mmoja anayetuma tangazo lilelile la udereva kila siku, pamoja na wanaomtukana kila siku. Vyote hivyo viliingia vyenyewe bila hodi. Sauti ya baba ndiyo iliyokosa nafasi.

Nikaomba msaada humohumo. Mmoja akasema, "Mano," yaani kaka, "formata tu, futa vyote." Mwingine akasema niitupe baharini. Wa tatu akaniuzia memori kadi, simu haikuitambua. Msimamizi akaandika, "Hapa ni kazi tu, mambo ya familia peleka kwenu," akanitoa.

Basi nikafuta mwenyewe, mpaka picha za harusi ya Mariamu. Mtandao nao ukapotea, ukarudi, ukapotea. Siku niliyopata nafasi na mtandao pamoja, simu ikaniambia sauti hiyo haipo tena, nimwombe aliyetuma aitume upya. Na simu ya Mariamu ilishatumbukia kisimani siku ya hitima.

Alama yake bado ipo, na urefu wake: sekunde hamsini na tatu. Kila mchana tukipumzika naibonyeza. Fundi mwenzangu Amade ananiuliza nasikiliza nini, namwambia nyimbo.

Unajua nilivyoondoka. Baba alinikataza mbele ya wajomba, nami nikavuka Ruvuma bila kumuaga. Nataka kujua kitu kimoja tu: alinipa radhi? Nilimuuliza Mariamu kwa simu ya shangazi, kwa kuzungukazunguka, akanijibu, "Si umemsikia mwenyewe, kaka?"

Nisalimie mjomba Selemani, aliyemwosha baba wakati mimi sipo, na shangazi anayekupikia siku hizi. Mariamu mwambie namshukuru. Uongo wangu nitamwambia mwenyewe.

Bi Zaituni atarudi huku wiki ijayo. Wewe ulikuwepo Mariamu akimrekodi, kichwa cha baba kilikuwa mapajani pako. Niandikie kwa mkono wako, kwa herufi zako za Kiarabu za chuoni, nitazisoma. Kama alinipa radhi, niandikie maneno yake kama alivyoyasema. Kama hakunipa, usihangaike kunitafutia maneno, Mama. Niandikie habari za mvua tu, nitaelewa.

Ni mimi mwanao,
Abdala