Bomba la Sindano Limechukuliwa

Wingwi, Jumatano, 1959

Alhamdulillahi, mkaguzi wa afya kutoka mjini Chake leo kanichukulia bomba la sindano. Kasema cheti changu ni cha kufunga vidonda tu, si cha kupiga watu sindano. Nilijitia kununa, lakini moyoni nilishusha pumzi.

Watu hapa hawaamini dawa isiyouma, nami nilishindwa kuwakatalia. Tangu mkono wa Mzee Faki uvimbe kwa sindano yangu, sina raha.

Alasiri kaja Bi Time, anayepigwa sindano ya maumivu ya mgongo kila wiki. Nikamwambia bomba limechukuliwa, nikangoja lawama.

"Afadhali, mwanangu," kasema. "Nilikuwa naona haya kukukatalia. Kila ulipoishika sindano, mkono ukikutetemeka, na mie nikitoa shahada kabisa."