Rangi ya Mizizi

2 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mgongo umekuacha upumue. Mimi sijambo, ila macho yamechoshwa na darubini.

Mizizi uliyonitumia ilifika salama. Nimetoa ndani yake ile rangi ya njano unayotilia nyuzi dukani kwako, tukaimwaga juu ya seli za saratani ndani ya kisahani. Baada ya siku chache nyingi zilikuwa zimekufa. Nililia kwa furaha mbele ya mkuu wa maabara. Akaniambia nifute machozi, nirudie jaribio.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, wateja ndio wagonjwa: wote wanataka nyuzi nyekundu, na kila mmoja anataka aanze yeye.

Nina jambo sikukuambia. Niliona uvimbe kwenye titi. Hospitali walichukua kipande kidogo cha nyama, wakapima, wakasema ni saratani na ikatwe mapema. Walinipa siku ya kukatwa, sikwenda. Nikatwe kwa nini, na dawa nimeishika mikononi tangu usichana? Nachemsha mizizi, nakunywa kikombe asubuhi na kingine jioni. Inafanya kazi. Tumbo linaniendesha kwelikweli, na mkojo umekuwa mwekundu. Ugonjwa unatoka, nauona kwa macho yangu. Na aliyenifungua macho ni wewe.

Shangazi yako

26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Naogopa, sitakuficha.

Acha kunywa leo. Zilizokufa ni seli tu, zimeloweshwa kwenye kisahani, hazina mwili wa kuzibeba. Kwa ukali wa rangi tuliyomwaga, hata seli zisizo na ugonjwa zinakufa. Toka kisahani hadi kidonge ni kazi ya miaka, na nyingi ya dawa hizi huishia njiani. Sisi hata kuijaribu kwa panya bado hatujafika.

Kuendesha ndiyo tabia ya mizizi hiyo, inakukausha bure. Na huo mkojo: nani alinisimamisha juu ya kigoda, akanionyesha kwamba ukitia magadi kwenye sufuria, njano inageuka nyekundu? Ni rangi ile ile, Shangazi. Imeingia njano, imetoka nyekundu. Uvimbe je, umeushika? Umepungua?

Wewe ndiye uliyenilea, sina mwingine. Nenda ukakatwe.

Mwanao

15 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua sijaona, na simu unaikata kila nikitaja hospitali. Kama umenikasirikia, nikasirikie ukiwa kitandani kwao.

Mwanao

23 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinayumba. Wa kulia umekatazwa kazi, kwa kuwa titi lilikuwa la upande huo.

Barua yako ilinikera wiki nzima. Mimi wa kuelezwa habari za magadi! Basi nikaweka mkojo kwenye kikombe cheupe, nikaukamulia limau, kama ninavyofanya nyuzi zikizidi wekundu. Ukarudi njano mbele yangu. Ugonjwa haugeuki kwa limau. Nikakaa juu ya kigoda chako, nikaushika uvimbe niliokuwa nimejikataza kuushika tangu nianze kunywa. Ulikuwa umekua.

Nikalia, kisha nikafunga duka nikaenda. Daktari hakunigombeza, ingawa nilijiandaa. Anasema nimechelewa, lakini wametoa wote waliouona, na sasa zinafuata dawa za kudungwa zitakazoninyonyoa nywele. Mkojo umerudi wa kawaida, kama unataka kuandika kwenye utafiti wako.

Nyumbani limebaki gunia la mizizi. Nimemwambia jirani alifunge vizuri akutumie, na wateja wa nyekundu wavumilie. Wape hao panya, mwanangu, na usikawie. Wodi hii imejaa, wengine tunalala wawili wawili.

Shangazi yako