Kolamu Mpya ya Esther

Jumanne, 19 Februari 2008

Kumbe Esther anaweza kunifanyia hivi.

Database ya wakulima wa maziwa tunaitengeneza mimi na yeye tu, na kompyuta huweka kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Leo nimekuta kolamu mpya: kabila. Lazima ijazwe. Kando yake kuna jina la Esther, na maelezo aliyoandika: "Marekebisho madogo."

Nimemuuliza. "Ni bosi alisema, jameni. Ningefanya nini?"

Ungeniambia! Januari, wakati wa ghasia za uchaguzi, ulilala kwangu mtaa wa Free Area wiki mbili, ukiogopa kurudi kwenu kwa sababu ya kabila lako.

Nimerudisha toleo la jana. Lakini kabla sijaifuta hiyo kolamu, nimeona alikuwa ameshaijaribu na mtu mmoja, kuona kama inafanya kazi.

Alijaza jina langu, na kabila langu.